Bei ya Kosa: Kutoka Wembe Hadi CapCut

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa na laptopu ya mkono wa pili, kamera ya kukodi, na imani kubwa kuliko salio langu la M-Pesa. Kazi yangu ya tatu ya kulipwa ilikuwa ruracio huko Githunguri. Kama si ya kwenu, ruracio ni siku ile watu wa mwanaume wanaenda kwa kina msichana kujadili mahari, na wazee wanaongea. Siku hiyo aliongea guka wa msichana. Alikuwa mgonjwa, walimshika mkono kutoka kwa gari mpaka kwa kiti, lakini akipewa maikrofoni aliongea dakika kumi na moja na hakuna mtu alikohoa hapo kwa hema. Nilirekodi zote.

Jumatatu nilikuwa na kazi ingine. Nikatia memori kadi kwa kamera, nikafuta kila kitu, nikijua nimeshahamisha klipu kwa laptopu. Nilikuwa nimehamisha kadi moja. Kadi zilikuwa mbili.

Nikarekodi juu yake siku nzima. Usiku nilipogundua, programu ya kufufua faili ilinirudishia vipande vya picha visivyo na sauti. Pesa ya watu nilirudisha, 1,500 kila mwezi mpaka ikaisha. Sauti ya guka sikurudisha.

Tangu hapo nimesoma historia ya uhariri kama mtu anatafuta wakili. Nilitaka kujua kama wengine walikosea hivi. Walikosea sana. Na nikaona kitu ambacho kinajibu pia ile vita ya kila wiki kwenye maoni, ati anayeediti kwa simu si edita wa ukweli. Historia ya hii kazi yetu ni historia ya bei ya kosa. Kila mashine mpya ilishusha hiyo bei mahali fulani. Lakini haikuisha. Ilihamia kwingine, na ukikosa kujua ilihamia wapi, utalipa kama mimi.

Wembe na gundi

Mwanzoni kukata kulikuwa kukata. Filamu ni utepe, picha 24 kwa sekunde. Dakika moja ya filamu ya milimita 35 ni futi 90. Unashika kwa mkono, unaangalia kwa taa, unakata, unabandika. Mwaka wa 1924 ikatokea Moviola, mashine ya Iwan Serrurier iliyokuwezesha kuona picha ikitembea wakati unatafuta mahali pa kukata.

Hollywood ya mwanzo, wengi waliofanya hii kazi walikuwa wanawake. Wakubwa waliiona kama ushonaji, kazi ya vidole. Margaret Booth alianza kwa kuunganisha vipande tu, na mwishowe akawa msimamizi wa uhariri pale MGM kwa karibu miaka 30. Kwa hivyo mtu akikuambia wewe ni "wa kukatakata tu", mwambie hata mama wa hii kazi aliambiwa hivyo.

Sasa, hawa watu walijua jambo moja ambalo mimi sikujua Githunguri. Hawakugusa filamu asili. Ile negative ilifungiwa mahali salama. Edita alipewa nakala, akaikata mpaka ikachubuka, na kazi ikishapitishwa, mtu mwingine mwenye glavu nyeupe alifuata namba zilizochapwa pembeni mwa filamu na kukata negative mara moja tu. Kosa kwa nakala, ni gharama ya nakala. Kosa kwa negative, ni pole.

Na muda je? Walter Murch, mmoja wa walioediti Apocalypse Now ya 1979, ameandika kuwa walikuwa na zaidi ya futi milioni 1.2 za filamu. Hiyo ni zaidi ya saa 230. Iliyofika sinema ilikuwa karibu saa mbili na nusu. Kila jaribio hapo katikati, mtu alisimama akaenda kutafuta kipande kwa mikono.

Kanda, na anko wangu wa Nakuru

Mwaka wa 1956 kampuni ya Ampex ilitoa mashine ya kurekodi picha kwenye kanda ya upana wa inchi mbili. Stesheni za televisheni zilifurahi sana, maedita wakalia. Filamu unaona picha kwa macho. Kanda ni rangi ya kahawia tupu, huoni kitu. Ilibidi wapake maji yenye chembe za chuma ili alama zionekane, waangalie kwa darubini, halafu wakate kwa wembe. Ukikosea kidogo, picha inaruka kwa skrini.

Baadaye wakaacha wembe, wakawa wananakili kutoka mashine moja kwenda ingine. Hii hata Kenya wengi waliifanya. Anko wangu alipiga harusi Nakuru enzi za VHS, na studio yake ilikuwa video mbili na televisheni moja. Nilimuuliza mwaka jana alikuwa anaeditije.

"Kwa mpangilio, kijana wangu. Ya kwanza kwanza, ya pili pili, mpaka mwisho."

"Na bibi harusi akisema ile ya kwanza ipunguzwe?"

Akacheka. "Unaanza upya. Ama unamwambia imependeza hivyo."

Hiyo ndiyo shida yote ya kanda. Ukibadilisha dakika ya tatu, kila kitu kutoka dakika ya tatu kinarudiwa. Ukijaribu kukwepa kwa kunakili nakala, picha inazidi kuchoka kila mara. Filamu ilikuwa imemruhusu mtu kuingiza kipande katikati. Kanda ikamnyima. Teknolojia mpya, lakini kosa likapanda bei. Kumbuka hiyo ukisikia mtu akisema kila kipya ni rahisi.

Kompyuta inaanza kusamehe

Mwaka wa 1971, CBS na Memorex walitoa mashine inaitwa CMX 600. Video iliwekwa kwenye diski, na diski zenyewe zilikaa kwa makabati makubwa kama mashine za kufua nguo. Ukichagua picha kwa kalamu ya mwanga, inaruka moja kwa moja hapo. Hakuna kupeleka kanda mbele na nyuma. Kwa mara ya kwanza ungeweza kubadilisha dakika ya tatu na dakika ya nne isijue.

Lakini diski zilikuwa ndogo sana kwa video kamili, kwa hivyo mashine ilitumia picha nyepesi, nyeusi na nyeupe. Unakata hiyo mbovu, ukimaliza, orodha ya mikato inapelekwa kwa kanda nzuri.

Hiyo, wasee, ni proksi. Wale mnalia laptopu inakwama na video ya 4K, dawa yenu ilivumbuliwa 1971. Iambie programu itengeneze nakala nyepesi, editi hizo, mwisho itumie zile asili. Mimi nimeediti kazi za watu mwaka mzima kwa mashine ambayo fundi alinishauri nimpe aitumie kwa vipuri.

Mwaka wa 1989 ikaja Avid, juu ya kompyuta ya Macintosh. Premiere ya Adobe ikafuata 1991. Wazee wa filamu walisema nini? Walisema huu ni mchezo. Halafu mwaka wa 1997, huyo huyo Murch akachukua Oscar ya uhariri kwa The English Patient, aliyoianza kwa filamu na kuimalizia kwa Avid. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kwenda kwa filamu iliyoeditiwa kwa kompyuta. Mwaka wa 1999 Apple ikatoa Final Cut Pro kwa dola 999, na tena Murch akaitumia kwa Cold Mountain ya 2003, wakati wengi waliiona kama programu ya wanafunzi.

Rangi nayo ilifuata njia hiyo. O Brother, Where Art Thou? ya mwaka wa 2000 ilipigwa Mississippi majani yakiwa kijani kibichi, na kwa kompyuta wakayageuza yakawa makavu ya njano, filamu nzima. Mashine za rangi za da Vinci zilikuwa za studio tajiri pekee. Blackmagic ikanunua kampuni hiyo 2009, mwaka uliofuata ikauza programu ya Resolve kwa dola 995, na 2011 ikatoa toleo la bure. Kutoka mlango uliofungwa hadi bure, miaka miwili. Halafu kufikia 2020, CapCut ya ByteDance ikaingia kwa simu zetu.

Kwa hivyo yule anayesema simu si kuediti, amechelewa kwenye foleni ya watu waliokosea. Mbele yake kuna waliocheka Avid na waliocheka Final Cut.

Bei ilihamia wapi?

Lakini sitaki kuwabembeleza. Bei ilihamia mahali tatu.

Kwanza, ilihamia kwa uhifadhi. Mwaka wa 1998 pale Pixar, amri moja ya kompyuta ilifuta sehemu kubwa ya Toy Story 2. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta hazifanyi kazi vizuri. Kilichowaokoa ni mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na mtoto mchanga na hivyo alikuwa na nakala nyumbani ili afanyie kazi huko. Walienda kuileta ile kompyuta kwa gari, imefungwa na blanketi kama mtoto mwenyewe. Nikisoma hiyo nililia kidogo, walai. Si eti najilinganisha na Pixar. Ni vile wao walikuwa na nakala ya tatu nyumbani kwa mtu. Mimi sikuwa hata na ya pili. Negative ya mzee wa glavu nyeupe ilikuwa kitu cha kushika, kila mtu aliiogopa. Memori kadi ni ndogo kama ukucha, hakuna anayeiogopa.

Pili, ilihamia kwa kamera. Stima yetu Kenya ni ya hezi 50. Ukipiga video ndani ya ukumbi kwa fremu 30 na shata isiyoendana na hizo taa, utaona picha inapepesa, na kuitoa baadaye ni kazi ya machozi. Weka fremu 25 na shata 1/50, uende nyumbani ukalale. Sauti mbaya ni hivyo hivyo. Programu itasafisha kelele, lakini neno ambalo maikrofoni haikusikia halipo.

Tatu, na hii ndiyo inaua wengi wetu, ilihamia kwa maamuzi. Anko hakuweza kubadilisha, kwa hivyo alifikiria kabla ya kubonyeza. Mimi naweza kutengua mara mia, kwa hivyo nina faili inaitwa "mwisho", ingine "mwisho kabisa", na ingine "mwisho sasa kweli". Karibu miaka 100 iliyopita Mrusi Lev Kuleshov aliweka uso ule ule wa mwigizaji karibu na bakuli la supu, halafu karibu na jeneza, na watazamaji wakaona njaa, kisha huzuni. Uso haukubadilika. Kilichobadilika ni jirani yake. Templeti inajua mdundo unaanguka wapi. Haijui kwa nini huyu mzee awekwe baada ya yule msichana kushika kitambaa. Akili mnemba sasa inakata mapumziko ya maneno yenyewe, inaandika manukuu, inafuta mandhari ya nyuma. Poa, naitumia pia. Lakini kwa ile ruracio, mapumziko ya guka ndiyo yalikuwa hotuba. Mashine ingeyakata yote ikidhani inanisaidia.

Sasa ufanye nini

Kadi haifutwi mpaka klipu ziwe mahali pawili, na uwe umefungua chache ukaziona zikicheza. Tatu ni bora, moja ikiwa nje ya nyumba. Bando ni ghali, najua, kwa hivyo diski moja iko kwa mamangu. Kadi iliyojaa naigeuza uso chini kwenye pochi. Kadi nilizofuta ndizo zinaangalia juu.

Tazama kila kitu ulichopiga kabla ya kukata hata moja. Murch na wenzake walitazama saa 230, wewe una dakika arobaini. Halafu jiwekee sheria ya wembe. Mkato wa kwanza uufanye kama hakuna kutengua, utoke mwanzo hadi mwisho, ndipo uanze kurekebisha.

Mamangu bado huniuliza kama nitarudi chuo. Huwa namwambia sijui, na ni ukweli. Hilo nalo nilikata bila kutengeneza nakala.

Mwezi wa nne ile familia ilinipigia. Guka alikuwa ameenda. Nilidhani wanataka kuniambia tena vile walivyokosa sauti yake. Walitaka nirekodi mazishi. Nilienda na kamera mbili, na kabla ya kutoka kwa boma lao nilikaa kwa gari saa nzima na laptopu kwa magoti, nikinakili kila kadi mara mbili. Binamu yao alikuja akagonga dirisha akauliza kama kuna shida.

Nikamwambia hapana, namalizia tu.

Haya, kama una kadi kwa kamera saa hii ambayo hujanakili, ama unafikiri umenakili, enda uiangalie kwanza. Maoni utaandika ukirudi.