Majibu ya Asiyekuwapo

Mtu akienda safari huacha maneno nyumbani. Humwambia jirani, au mtoto mkubwa, "Akija mgeni kuniulizia, mwambie nimekwenda Kisumu, nitarudi Ijumaa, na akiwa na shida ya haraka, amwone ndugu yangu." Desturi hii ni ya zamani sana, na bila shaka wewe msomaji umewahi kuachiwa maneno ya namna hiyo uyafikishe. Mtoto mwenye akili huifanya kazi hiyo vyema kwa sababu ajua mambo ambayo hakuambiwa. Hamwelezi mgeni yule yule habari ile ile mara kumi kwa siku moja. Hamwarifu mwizi kwamba nyumba haina mtu. Na mchuuzi akipita njiani akinadi samaki, mtoto hatoki mbio kumwambia kwamba baba amekwenda Kisumu, maana ajua kwamba mchuuzi anaita mtaa mzima, wala hakumwita baba.

Mashine haina akili hiyo. Historia nitakayokusimulia ni ya jinsi watu walivyoifundisha kompyuta kujibu barua kwa niaba ya mtu asiyekuwapo. Nawe utaona kwamba kuifundisha kusema kulikuwa kazi ndogo. Kuifundisha kunyamaza ndiko kulikochukua miaka zaidi ya 20.

Barua pepe ni kongwe kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1965, katika Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, watu walioshirikiana kompyuta moja kubwa waliweza kuachiana barua ndani yake. Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, alipeleka barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao ulioitwa ARPANET. Kompyuta hizo mbili zilikuwa zimekaa bega kwa bega, na mtu angeweza kuinuka na kumaliza safari hiyo kwa hatua chache; lakini barua ilipita mtandaoni, na hilo ndilo lililokuwa jambo jipya. Ni yeye aliyeichagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la mashine yake.

Agosti 1982 Jon Postel alitoa kanuni za kupeleka barua kati ya mashine na mashine, na ndani yake mlikuwa na shauri dogo lenye busara kubwa. Barua isipomfikia mtu, mashine humwandikia mpelekaji kumwarifu kwamba haikufika. Je, arifa hiyo nayo isipofika? Mashine ya upande wa pili itaandika arifa juu ya arifa, na ya kwanza itajibu kwa arifa nyingine, na mambo hayo hayatakuwa na mwisho. Dawa iliyoshauriwa ni kuacha nafasi ya anwani ya mpelekaji tupu katika arifa hizo. Mfano wake ni bahasha isiyoandikwa jina nyuma: ikipotea imepotea, hapana wa kurudishiwa. Hilo lilikuwa fundisho la kwanza la kunyamaza.

Fundisho la pili lilitoka Chuo Kikuu cha California, katika mji wa Berkeley. Eric Allman, ambaye programu yake iitwayo sendmail ilikuja kuwa tarishi mkuu wa barua pepe duniani kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1983 programu nyingine ndogo, akaiita vacation, yaani likizo. Mtu aliyekuwa akienda likizo aliandika maneno yake katika faili moja, akaiwasha programu, akaenda zake. Kila barua iliyoingia, programu ilimrudishia mwandishi wake maneno yale. Kazi ya kusema ilikuwa imekwisha.

Sasa tazama hatari yake. Mwalimu mmoja wa Nakuru amekwenda likizo, na rafikiye wa Mombasa naye amekwenda likizo, na wote wawili wamewasha programu. Kabla ya kuondoka, mwalimu wa Nakuru amemwandikia rafikiye salamu. Kompyuta ya Mombasa yajibu, "Sipo." Kompyuta ya Nakuru yapokea jibu hilo, nayo, kwa kuwa kwake kila kiingiacho ni barua, yajibu, "Sipo." Ya Mombasa yapokea, yajibu. Watu wawili wamelala chini ya miembe yao, na mashine zao zaambizana usiku na mchana kwamba hapana mtu nyumbani. Barua moja ikienda kila sekunde, zitakuwa zimepita barua 86,400 katika siku moja, na hakuna hata moja iliyomfaa mtu.

Kwa hiyo programu ya Allman ilipewa daftari. Kila iliyemjibu, iliandika jina lake na wakati wake. Na kabla ya kujibu, ililitazama daftari kwanza. Aliyekwisha kujibiwa katika siku 7 zilizopita hakujibiwa tena. Muda wa siku 7 ndio uliowekwa kwa kawaida, na mwenye likizo aliweza kuubadili.

Ilibaki habari ya mchuuzi wa samaki. Ziko barua ambazo haziendi kwa mtu mmoja, bali kwa kundi zima, kwa anwani moja ya ushirika. Likizo ikijibu barua ya namna hiyo, huenda jibu likarudi kwenye anwani ile ile, na watu mia tatu ambao hawakuuliza wakaarifiwa kwamba fulani yuko pwani akipunga upepo. Kwa ajili hiyo programu iliamriwa isijibu ila ikiona jina la mwenyewe limeandikwa waziwazi miongoni mwa walioandikiwa. Isijibu barua yenye alama ya kupelekwa kwa wengi. Wala isijibu barua itokayo kwa tarishi mwenyewe, ambaye katika kompyuta hizo huitwa MAILER-DAEMON. Usitishwe na jina hilo. Ni neno la Kiyunani la tangu kale, na hapa maana yake ni mtumishi asiyeonekana, wala si pepo wa kukemewa.

Haya yote yalikuwa hekima ya programu moja. Wengine walioandika programu za majibu hawakuyafuata yote, na fujo ziliendelea hapa na pale. Hatimaye, Agosti 2004, Keith Moore aliyakusanya mafundisho hayo katika waraka mmoja wa kanuni za mtandao. Waraka huo wataka kila jibu la mashine libebe alama ya kulitambulisha kwamba halikuandikwa kwa mkono wa mtu wakati huo, na kila programu iionayo alama hiyo inyamaze. Mtu hatasoma alama hiyo, kwa sababu imefichwa katika maandishi ya juu ya barua yasomwayo na mashine. Lakini ndiyo itulindayo sisi sote.

Ukiwasha leo jibu la likizo katika programu yako ya barua, kazi ni nyepesi. Unafungua mipangilio, unaandika siku ya kuanza na siku ya kumaliza, unaandika maneno yako, unahifadhi. Daftari la Allman limo ndani, ingawa hulioni. Gmail, iliyofunguliwa mwaka 2004, iliweka siku 4 kuwa muda wa kungoja kabla ya kumjibu mtu yule yule mara ya pili. Katika ofisi nyingi zitumiazo Outlook, mtu hujibiwa mara moja tu mpaka jibu lizimwe. Habari ya mwizi nayo ilifikiriwa: tangu toleo la mwaka 2007 la Exchange, mashine ya barua ifanyayo kazi nyuma ya Outlook, mtu aliweza kuandika majibu mawili, moja la wenzake wa ofisini na jingine la wageni. Mwenzako aweza kuambiwa kwamba uko Lamu hadi tarehe 14, na kwamba funguo za stoo ziko kwa karani. Mgeni yamtosha kujua kwamba hutaweza kumjibu wiki hii, na kwamba aweza kumwandikia fulani. Kumweleza zaidi ni kuacha mlango wazi, na kumwarifu kila mpelekaji wa barua za ulaghai kwamba anwani yako ina mtu na mtu huyo yuko mbali.

Lakini kanuni zote hizi zimeihusu mashine. Msomaji wa jibu ni binadamu, naye aweza kukosea palipobaki. Mwaka 2008 katika mji wa Swansea, nchi ya Wales, maofisa wa baraza la mji walitaka kibao cha barabarani cha kukataza malori makubwa. Vibao vya huko huandikwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiwelisi, ambayo ndiyo lugha ya asili ya nchi hiyo. Waliyapeleka maneno ya Kiingereza kwa mfasiri kwa barua pepe. Jibu likarudi upesi, kwa Kiwelisi, nao wasiojua lugha hiyo wakafurahi, wakayachapa maneno hayo kwenye kibao, wakakisimamisha. Wasomao Kiwelisi walipopita wakasoma kwamba mwandishi hayupo ofisini kwa sasa, na kazi yoyote ya kufasiriwa ipelekwe. Kibao kiliondolewa.

Watu walicheka sana, hata nchi za mbali, na mimi simlaumu aliyecheka. Walakini angalia kwamba mashine haikukosa lolote. Ilijibu mara moja, ikamjibu aliyeuliza, ikasema kweli. Kasoro ni kwamba jibu liliandikwa kwa lugha moja katika kazi ambayo kwa asili yake ni ya watu wa lugha mbili. Nasi katika Kenya twaishi hivyo hivyo kila siku. Karani wa shule aandikaye "Sipo ofisini" kwa Kiingereza pekee hajui ni mzazi yupi atakayeyapokea maneno hayo akidhani ni risiti ya karo.

Wako waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 kampuni ya magari ya Daimler ya Ujerumani iliwapa wafanyakazi wake ruhusa ya kuchagua jambo ambalo wengine waliliona ni ukali: barua iingiayo wakati wa likizo ifutwe kabisa, na mwandishi wake aambiwe hivyo waziwazi, pamoja na jina la mtu mwingine wa kumwandikia. Mimi naona ukali huo una uungwana ndani yake. Jibu la kawaida lamwachia mwandishi tumaini kwamba barua yake yangoja kusomwa, na mara nyingi mwenye likizo akirudi hukuta lundo la barua mia kadhaa, akasoma za juu, na zilizobaki zikazama. La Daimler lilimwambia mtu kweli yote mapema, akapata kufanya shauri jingine siku ile ile.

Uko ukoo wa pili wa barua za mashine, nao ni wa zile zisizongoja kuulizwa, ambazo hurudi kila siku, kila wiki au kila mwezi kwa wakati wake. Babu yao si barua hata kidogo. Mwaka 1833, juu ya paa la jumba la wanajimu huko Greenwich karibu na London, paliwekwa tufe kubwa lililoangushwa kila siku saa saba kamili mchana, ili mabaharia walio mtoni wazisahihishe saa zao. Mwaka 1924 redio ya BBC ilianza kutoa milio sita ya kutangaza saa. Katika kompyuta, kazi hiyo ilipewa programu iitwayo cron, ambayo jina lake lahusishwa na neno la Kiyunani la wakati, na iliyotoka katika toleo la saba la Unix mwaka 1979. Cron huamka kila dakika, hutazama orodha yake, na ikikuta jambo la dakika hiyo hulitenda, kisha hulala tena.

Orodha yake ina tarakimu tano kwa kila amri: dakika, saa, tarehe, mwezi, na siku ya wiki, na nyota maana yake ni "yoyote". Ukitaka ukumbusho uende kila Jumatatu asubuhi saa mbili kamili, utaandika sifuri, nane, nyota, nyota, moja. Hapo msomaji wa Kiswahili hana budi kuwa macho mara mbili. Saa yetu ya pili ya mchana ni ya nane kwa mashine, ihesabuyo tangu usiku wa manane. Na Jumatatu, ambayo kwa hesabu yetu ni siku ya tatu, kwake ni ya kwanza, kwa kuwa Jumapili ni sifuri. Aliyeandika mbili akitaka saa mbili asubuhi amepeleka ukumbusho wake saa nane ya usiku.

Mwaka 2019 Gmail ilipewa uwezo wa kuingojesha barua hadi saa uliyoichagua. Lakini kungojesha si kurudia. Kurudia aghalabu ni kazi ya kalenda, na kanuni zake ziliandikwa mwaka 1998. Zimetoa njia mbili za kuukomesha ujumbe: kutaja utakwenda mara ngapi, au kutaja tarehe ya mwisho. Usipotaja hata moja, ujumbe huendelea bila kikomo. Mweka hazina wa chama cha wanafunzi aweza kumaliza kidato cha nne na kwenda zake, na kila Ijumaa ukumbusho wake ukaendelea kuwadai michango watu ambao chama chao kimekwisha kufa.

Ziangalie tarehe pia. Katika kanuni hizo siku isiyokuwako hurukwa. Basi ujumbe uliowekwa kila mwezi tarehe 31 utakwenda mara 7 tu kwa mwaka, ingawa baadhi ya programu huusogeza hadi siku ya mwisho ya mwezi. Mwenzako wa London akikuwekea ujumbe wa kila wiki saa nne asubuhi ya kwao, utakufikia Nairobi saa saba mchana wakati wa baridi yao, na saa sita wakati wa kiangazi chao, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Na aliyeweka salamu za kila mwaka tarehe 29 Februari 2024, rafikiye atazipata tena mwaka 2028.