Mbegu na Machozi Katika Ugogo

Mtu akipatwa na shida, mara nyingi huambiwa na wenzake, "Soma Maandiko, upate faraja." Shauri hili ni jema, lakini yatupasa kuuliza: ni faraja ya namna gani? Maana wako watu wauchukuao mstari mmoja wa ahadi na kuuvaa kama hirizi, wakidhani ya kuwa baya halitawafika kamwe. Na baya lifikapo, huyatupa Maandiko pamoja na tumaini lao. Basi na tuitazame nchi ya Ugogo katika miaka ya vita vya kwanza vya dunia, tupate kujifunza.

Ugogo ni nchi kavu. Mvua yake ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hata Aprili, na mwaka mwingine hukatika kabla uwele haujatoa masuke. Wazee walizijua njaa nyingi, lakini ile iliyofuata vita ilikuwa kali mno. Kwanza Wadachi walitwaa ng'ombe, nafaka na wapagazi kwa ajili ya jeshi lao. Wamisioni wa Kiingereza walifungwa, na waalimu wa Kiafrika waliofanya kazi pamoja nao wakafungwa vile vile. Mwishoni mwa Julai 1916 jeshi la Uingereza, lenye askari wengi wa Afrika ya Kusini, liliingia Dodoma. Nalo pia likataka ng'ombe, nafaka na wapagazi. Wanaume wakaondoka, mashamba yakakosa mikono, ghala zikawa tupu. Kisha mvua ikakosa. Njaa ile, iliyodumu hata 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Wanahistoria hukadiria ya kuwa watu wapata 30,000 walikufa katika watu 150,000 wa Ugogo. Yaani katika kila watu watano, mmoja.

Je, Maandiko yana neno gani kwa watu wa namna hiyo? Agano Jipya kwa Kigogo lilikuwa limekwisha kuchapwa mwaka 1899. Kwa hiyo Mkristo wa Mpwapwa au Mvumi aliyejua kusoma aliweza kuufungua Waraka kwa Warumi, sura ya 8, kwa lugha ya mama yake. Humo Mtume Paulo ataja waziwazi dhiki, njaa, uchi na upanga. Hasemi ya kwamba mambo haya hayatawapata waaminio. Asema ya kwamba hayana nguvu ya kuwatenga na upendo wa Kristo. Tena katika sura ya 5 atuonyesha njia ya tumaini. Waswahili husema, "Baada ya dhiki, faraja." Paulo naye aanza na dhiki, lakini katikati aweka saburi, na baada ya saburi moyo uliojaribiwa, ndipo tumaini. Asiyetaka kupita katikati hafiki mwisho.

Na tuitazame pia Zaburi ya 126, isemayo habari za mtu aendaye shambani na mbegu zake huku akilia. Msomaji wa mjini aweza kujiuliza, kupanda mbegu kuna kilio gani? Mkulima wa Ugogo hahitaji kuelezwa. Mwaka wa njaa, mbegu ndicho chakula cha mwisho kilichobaki nyumbani. Mwenye kupanda hukizika ardhini chakula kile ambacho mtoto wake anakililia, wala hana hakika ya mvua. Akikila, atashiba leo, na mwaka ujao hana kitu. Akikipanda, analia leo. Hilo ndilo tumaini la Maandiko: si kukana njaa, bali ni kupanda ndani ya njaa.

Nabii Yeremia vile vile, katika sura ya 29, aliwaandikia mateka wa Babeli. Wengi hupenda ahadi njema iliyo katika barua ile, lakini husahau ya kuwa kabla ya ahadi waliagizwa wajenge nyumba na kupanda bustani, na ya kuwa muda uliotajwa ulikuwa miaka 70. Wengine waliopanda hawakuishi kuona marejeo.

Tena tumaini si kazi ya mtu mmoja peke yake. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 11, njaa ilipotabiriwa, wanafunzi wa Antiokia hawakuomba tu. Kila mmoja alitoa kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi. Mwenye njaa aliyepokea chakula kile alilisoma neno la Mungu katika mkono wa ndugu yake.

Waliobakia baada ya Mtunya walipanda tena. Mwaka 1927 Dayosisi ya Tanganyika ya Kati ilianzishwa, makao yake Dodoma. Na mwaka 1962 Biblia nzima ilichapwa kwa Kigogo. Mavuno hayo hayakuwarudisha waliokufa, wala tusiseme ya kuwa yaliwalipia. Lakini yatuonyesha ya kuwa mbegu haikupotea.

Basi, ndugu msomaji, ukiyafungua Maandiko siku ya taabu, usiulize tu, "Nimeahidiwa nini?" Uliza pia, "Nimebakiwa na mbegu gani mkononi, na jirani yangu amekula nini leo?" Kisha uende shambani, hata kama unalia.