Kigoma na Ujiji: majengo ya kandokando ya ziwa yako na habari zetu



Wengi wetu tulipita Kigoma mara mbili: mara ya kwanza tukikimbia, mara ya pili tukirudi. Mara zote macho yalikuwa kwa watoto na mizigo. Nani angepata nafasi ya kutazama majengo? Lakini ule ufuko uko na majengo na mahali pa kale, na sehemu kubwa ya habari zake ni habari za ngambo hii yetu. Tunaziandika hapa ili watoto waliozaliwa Lugufu na Nyarugusu wazijue.

Tuanze na Ujiji. Kule kwenye miembe kuna makumbusho na jiwe la ukumbusho, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mwaka 2006 Tanzania iliweka Ujiji, pamoja na Bagamoyo na vituo vingine vya njia ya watumwa na pembe za tembo, kwenye orodha ya mahali inapotaka UNESCO ipatambue kuwa urithi wa dunia. Wageni wanakuja kwa ajili ya wale Wazungu wawili. Sisi tuulize: Livingstone alikuwa anatoka wapi? Alikuwa anatoka kwetu, Nyangwe, kandokando ya Lualaba katika Maniema. Mwezi wa saba wa mwaka uleule aliona watu wa wafanyabiashara wakipiga bunduki sokoni. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni, na wengi wao walikuwa akina mama waliokuja kuuza. Barua zake juu ya mauaji yale zilisaidia kusukuma Uingereza, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Jina la Livingstone liko kwenye jiwe. Majina ya wale akina mama hayako popote.

Mgeni akifika pale anashangaa: ziwa lenyewe liko wapi? Siku hizi maji yako mbali na jiwe. Zamani ziwa lilikuwa juu zaidi. Karibu na mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi kwenye mlango wa Lukuga, pale Kalemie, yakaelekea mto Kongo, na ziwa likashuka mita kama 10 katika miaka iliyofuata. Ni Kalemie iliyosogeza ufuko wa Ujiji! Na maji yanayoshuka hupanda tena: mwaka 2024 tuliona mitaa ya Uvira na Kalemie ikijaa. Mwanachama anayepewa parsele ya bei rahisi karibu na ziwa, kwanza aulize wazee maji yaliwahi kufika wapi.

Sasa Kigoma mjini. Ile gare kubwa iliyo juu ya bandari ni ya wakati wa Wajerumani. Reli kutoka Dar es Salaam, kilomita kama 1,250, ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji, yaani askari Wakongo na wapagazi Wakongo, waliuteka mji. Kwa mapatano ya 1921, Uingereza iliwapa Wabelgiji sehemu ya bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ndiyo ile Belbase. Mizigo ya Kongo ilitoka Kalemie, wakati ule Albertville, ikavuka ziwa, ikapanda treni pale.

Na ile meli Liemba? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa Kigoma ndani ya masanduku kama 5,000. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, mashine zake zikiwa zimepakwa grisi ili zisioze. Waingereza waliiinua 1924, na 1927 ilianza kazi tena. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wa kwetu zaidi ya 75,000. Miaka ya karibuni ilisimama, ikisubiri matengenezo makubwa.

Tangu 2005 misafara ya HCR ilivusha watu wetu wengine kutoka Kigoma kuja Baraka. Kuna kibao gani bandarini kinachotaja safari hizo? Majengo yanaweza kutunzwa na serikali, lakini gare haisemi nani alilala pale na watoto wangapi. Wazee waliovuka 1997 wanapungua.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kila jamaa iandike majina ya waliovuka, mwaka, bandari ya kutoka na ya kufika. Karatasi za kurudi zisitupwe. Ziletwe kwa mwandishi wa chama zinakiliwe, kisha mwenyewe arudi nazo. Na wafadhili watusaidie sanduku la chuma na daftari ngumu, maana panya na mvua havina huruma na karatasi.

Jiwe la Ujiji liliwasahau akina mama wa Nyangwe. Daftari yetu isisahau mtu.