Nani Alilala Wapi? Historia ya Daraja la Kwanza kwenye Njia ya Kigoma

Siku hizi kuna watu ambao starehe yao kubwa ni kuizunguka dunia nzima kwa ndege, tena kwenye viti vya mbele. Kiti kinakunjuliwa kinakuwa kitanda, chakula kinaletwa kwenye sahani ya kauri, na kila mji watakaotua wameshachagua hoteli miezi kadhaa kabla. Ukiwasikiliza wakijadiliana utagundua jambo moja: kiti ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni malazi. Safari ndefu, ya tajiri au ya maskini, ni mlolongo wa mahali pa kulala.

Sasa tuulize swali la kihistoria. Mlolongo huo ulionekanaje huku nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu, Kibondo, na vijiji kama Kagerankanda? Unaweza kucheka, ukasema huku daraja la kwanza lilifika lini? Kumbe njia inayopita jirani na nchi ya Waha ilikuwa moja ya njia kuu za Afrika, na ilikuwa na daraja lake la kwanza tangu kabla ya reli. Hoja ya makala hii ni kwamba daraja halikuhusu ulaini wa godoro peke yake. Lilihusu nani anapanga masharti ya njia. Na kwa Waha, jibu la swali hilo liligeuka juu chini ndani ya miaka sitini hivi.

Machila na tembe

Tuanze na msafara. Juni 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani kulitafuta ziwa. Walifika Ujiji Februari 1858, yaani miezi minane njiani. Burton aliugua kiasi kwamba miguu ilikataa, na sehemu ya safari alibebwa kwenye machila: kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu, watu wanaupokezana mabegani. Kama unataka kujua kiti cha kulala cha kwanza kwenye njia hii kilikuwaje, ndicho hicho. Injini yake ilikuwa mabega ya watu.

Na hoteli je? Pale Kaze, jirani na Tabora ya leo, Burton na Speke walipokelewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Nyumba ilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa la bapa, ua katikati. Udongo mnene hupata joto polepole na kulipoteza polepole, kwa hiyo mchana ndani kuna ubaridi na usiku kuna uvuguvugu. Hakuna aliyelipa kwa usiku. Ulilala kwa sababu ulikuwa na barua, jina au biashara iliyokutambulisha.

Wapagazi hawakuwa na barua. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, jioni akautua, akakata nyasi na matawi, akajenga kibanda chake au akalala kwenye kibanda kilichoachwa na msafara uliotangulia. Msafara mmoja, njia moja, ila malazi ya aina mbili. Kumbuka picha hiyo, maana itarudi.

Wakati Waha walipotoza njia

Mwishoni mwa 1871 Henry Morton Stanley alikuwa anaelekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Vita vya Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya kawaida ya Tabora, akalazimika kuzunguka kusini, akavuka mto Malagarasi, kisha akaingia Uha. Huko akakutana na kitu ambacho hakuna bunduki yake iliyoweza kukimaliza: hongo.

Usilichukue neno hilo kwa maana yake ya leo ya rushwa. Hongo ya misafara ilikuwa ushuru wa kupita. Mtawala wa eneo alitoza vitambaa na shanga, na wewe ukapata ruhusa, maji, soko la chakula na usalama. Stanley alilipa, akatembea kidogo, akaambiwa mbele kuna mwingine wa kulipwa, na mwingine tena. Mwishowe alipiga hesabu akaona vitambaa vitaisha kabla ya ziwa. Akatafuta mtu wa kumwongoza, akautorosha msafara wake usiku kupitia porini, kimyakimya, ili asikutane na watoza ushuru.

Hebu itazame picha hiyo vizuri. Msafiri mwenye fedha za gazeti la New York, mwenye hema, kitanda na watumishi, anakimbia usiku ili asiwalipe Waha. Kwenye vitabu vya wasafiri, Waha wanatajwa kama wasumbufu. Ukikaa upande wa pili wa mezani unaona kitu kingine: watu waliojua kwamba njia yao ina thamani, na waliokuwa na uwezo wa kupanga bei.

Reli inapita pembeni

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Kipande cha mwisho kilifuata upande wa Malagarasi na Uvinza, kusini mwa nyanda za juu. Milima ya Kasulu na Kibondo ikabaki kaskazini. Kihandisi jambo hilo linaeleweka, maana treni haipendi mwinuko na bonde ni rahisi kuliko mlima. Lakini matokeo yake kisiasa yalikuwa makubwa: msafiri wa kwenda ziwani hakuwa tena na sababu ya kumuomba Mha ruhusa. Hongo ilikwisha, tiketi ikachukua nafasi yake, na tiketi ilikatwa kwingine.

Pamoja na reli zikaja hoteli za kisasa. Dar es Salaam ilikuwa na Kaiserhof, ambayo baada ya Waingereza kuuteka mji 1916 ilikuja kuitwa New Africa, jina ambalo lipo mjini mpaka leo. Tabora nayo ilipata hoteli karibu na stesheni. Kwa Agosti 1914 serikali ya Kijerumani ilipanga maonyesho makubwa Dar es Salaam kusherehekea reli. Badala yake ikaja Vita Kuu.

Ziwani kulikuwa na meli ya Graf von Goetzen, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli na treni, na kuungwa upya Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Juu kulikuwa na vyumba vya daraja la kwanza, chini kulikuwa na mabenchi na mizigo.

Kuanzia hapo njia ya kukata bara zima ilikamilika. Kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji walipewa eneo la bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Kwa hiyo msafiri mwenye pesa aliweza kushuka melini Dar es Salaam, kupanda treni hadi Kigoma, kuvuka ziwa hadi Albertville, yaani Kalemie ya leo, kisha kupokezana treni na meli za mto Kongo mpaka Matadi na bahari ya Atlantiki. Mwandishi Evelyn Waugh alipita Kigoma mapema 1931, akavuka kwa meli ya Kibelgiji, akaelekea Katanga na Afrika Kusini. Safari hiyo imo kwenye kitabu chake *Remote People*.

Hoteli ndani ya tiketi

Wakati huohuo ndege zikaanza. Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifungua huduma kutoka London hadi Mwanza, na Januari 1932 ikaifikisha Cape Town kupitia Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Safari ilichukua siku kumi na kitu. Kwa nini muda mrefu hivyo? Kwa sababu ndege za wakati ule hazikubeba mafuta ya kwenda mbali, na usiku rubani hakuwa na vifaa vya kumwongoza salama juu ya pori lisilo na taa. Jua likizama, ndege inatua na watu wanalala.

Ndiyo maana nauli ilijumuisha chakula na hoteli. Abiria hakuchagua alale wapi. Kampuni ilishamchagulia, na gari lilimsubiri uwanjani. Lilikuwa jambo la kifahari kabisa: kutofikiria usiku wako utakuwaje.

Kulikuwa na msafiri mwingine ambaye naye malazi yake yalikuwa ndani ya mkataba. Huyo alitoka Kasulu na Kibondo.

Behewa la manamba

Waingereza walitoza kodi, na kodi ililipwa kwa fedha. Huku milimani fedha zilikuwa adimu: masoko mbali, reli pembeni. Juu ya hapo, mbung'o na malale vilifukuza watu na ng'ombe kwenye maeneo makubwa, na kuanzia 1933 serikali ilihamishia watu kwenye makazi ya pamoja ili kuzuia ugonjwa. Basi kitu pekee ambacho wengi waliweza kuuza kilikuwa nguvu zao, na mnunuzi alikuwa shamba la mkonge upande wa Tanga na Morogoro. Buha ikageuka kuwa ghala la vibarua. Waliitwa manamba, kutokana na namba walizopewa.

Mwanzoni wengi walikwenda kwa miguu, wiki nyingi, wakilala porini au kwa watu wema. Serikali ilianzisha Idara ya Kazi mwaka 1926, na kambi za kupumzikia wasafiri hao zikajengwa kwenye njia kuu. Kisha mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuajiri, SILABU. Hapo safari ikapangwa: lori mpaka Kigoma, treni, kambi, lori tena, shamba. Reli ya Kati na ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa, jambo lililofanyika 1963 tu, kwa hiyo mtu alihamishwa kama mzigo kutoka reli moja kwenda nyingine.

Ni treni ileile. Mbele au nyuma kuna behewa lenye vitanda na shuka, ambamo kwa kawaida alikaa Mzungu. Daraja la pili walikaa zaidi Wahindi. La tatu ndilo la Mwafrika, na benchi ni la mbao. Siku mbili na ushee mpaka Dar es Salaam, wote wanasikia mlio uleule wa magurudumu.

Sasa linganisha. Abiria wa ndege na manamba wote hawakuchagua malazi, wote walikuta chakula kimepangwa, na wote walipokelewa na mtu mwenye orodha ya majina. Tofauti ni hii: abiria wa ndege akichoka, anashuka Dodoma na kwenda zake. Manamba akichoka, ni mtoro. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya 1923, kuacha kazi ya mkataba kulikuwa kosa la jinai. Huko shambani kipande chake kilihesabu siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi haikuhesabiwa.

Babu zake walimtoza Stanley kwa kupita. Yeye anapitishwa.

Na leo?

Leo reli ya kisasa imeanza kazi tangu 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Ina madaraja pia, mpaka lile wanaloliita Royal. Tofauti kubwa na zamani ni kwamba anayekaa wapi huamuliwa na mfuko, si rangi. Hilo si dogo.

Lakini watu waliosafiri mbali zaidi kutoka huku Kasulu katika miaka ya karibuni huenda hawakuwahi kukata tiketi wenyewe. Ni wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa waliokimbia vita vya Kongo. Baadhi yao walipelekwa kuishi Marekani. Shirika la IOM lilipanga basi, mahali pa kulala, ndege na kupokelewa. Nauli ilikuwa mkopo, nao walianza kuulipa wakishafika. Kwao lilikuwa jambo la heri, na hakuna haja ya kulifananisha na mkonge. Ila swali letu la mwanzo bado linawahusu: nani alipanga usiku wao, na wangeweza kusema hapana?

Historia ya usafiri huku kwetu imeandikwa zaidi na waliolala vitandani. Waliolala kwenye kambi za SILABU hawakuandika vitabu, na waliobaki sasa ni wazee sana. Kama kwenu Kasulu, Kibondo au Kakonko kuna mzee aliyekwenda mkonge, au mtoto wake anayekumbuka simulizi, kaa naye uulize mambo madogo: alipanda lori wapi, usiku wa kwanza alilala wapi, alijifunika nini, nani alimpikia. Andika, weka na tarehe. Hayo ndiyo yanayokosekana.