Kuguswa Mara ya Pili

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, tunasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Bwana Yesu alipomgusa mara ya kwanza, alianza kuona, lakini kwa ukungu. Bwana hakumwacha hapo. Alimgusa tena, ndipo macho yake yakawa safi. Historia ya ugonjwa wa usubi inatukumbusha habari hiyo.

Usubi huletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Wakiuma, huingiza vijidudu vinavyokua na kuwa minyoo chini ya ngozi. Watoto wa minyoo hiyo husambaa mwilini hadi machoni, na baada ya miaka mingi mtu hupofuka. Katika bonde la mto Volta, Afrika Magharibi, watu walihama ardhi yenye rutuba kwa kuuogopa. Mwaka 1974 ulianza mpango wa kunyunyizia mito dawa kwa helikopta ili kuua viluwiluwi vya inzi hao. Lakini waliokwisha kuambukizwa hawakuwa na dawa salama.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani ilitangaza kutoa ivermektini bure, kwa muda wote itakapohitajika. Ahadi hiyo ya muda mrefu ilikuwa ya lazima. Dawa hii huua watoto wa minyoo, bali minyoo wakubwa huishi miaka 10 hadi 15, wakiendelea kuzaa. Kwa hiyo mtu hana budi kuinywa kila mwaka, hata kama hajisikii kuumwa. Tena, haimrudishii kuona yule aliyekwisha kupofuka. Anayechelewa hupoteza asichoweza kurudishiwa.

Mwaka 1995 ulipoanza mpango mpana wa Afrika, vijiji viliombwa kuchagua wagawaji dawa wao wenyewe. Mgawaji hupita nyumba kwa nyumba, humpima mtu urefu kwa ufito ili kujua idadi ya vidonge, kisha huandika jina daftarini. Mama mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa mahututi hawapewi siku hiyo. Nao lazima wakumbukwe wakati wao ukifika.

Hapa Tanzania, katika milima ya Mahenge, dawa imegawiwa tangu miaka ya 1990, na bado maambukizi hayajakoma. Hata hivyo tusikate tamaa: mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Niger imekuwa nchi ya kwanza Afrika kukomesha maambukizi ya ugonjwa huu.

Wapendwa, sisi hupenda uponyaji wa siku moja. Tunamwombea mgonjwa Jumapili, na Jumatatu tumemsahau. Mgawaji mwenye daftari anatufundisha upendo wa namna nyingine: kurudi mwaka baada ya mwaka kwenye mlango ule ule, na kumtafuta yule ambaye jina lake halina alama.