Klorini ya Ruvu na Klorini ya Ndoo

Klorini humfikia mkazi wa Dar es Salaam kwa njia mbili. Ya kwanza haionekani: fundi wa mtambo wa Ruvu huitia kwenye maji yakishatulizwa na kuchujwa, nayo husafiri bombani hadi mjini bila mnywaji kuifikiria. Ya pili huonekana sana. Ni chupa ya WaterGuard, ni kidonge, ni jiki iliyonunuliwa dukani kwa ajili ya mashuka meupe na sakafu ya choo. Hapo anayepima, anayekoroga na anayesubiri nusu saa kabla ya kumpa mtoto maji ni mama wa nyumba ya Tandale, Manzese au Mbagala. Kemikali ni moja katika njia zote mbili, ila mtendaji wa kazi ni mwingine. Ninachodai hapa ni kwamba historia ya klorini katika mitaa ya pembeni ya Kinondoni na Temeke ni historia ya kazi ya mji iliyohamishiwa uani kwa watu. Kila mlipuko wa kipindupindu umeufanya uhamisho huo uonekane wa kawaida zaidi.

Dawa yenyewe ilianzia kwenye nguo. Kabla ya mwisho wa karne ya 18, kitambaa cha Ulaya kilifanywa cheupe kwa kuchemshwa na maji ya majivu, kuloweshwa katika maziwa yaliyochacha na kuanikwa juani kwa wiki nyingi. Scheele, mwanakemia wa Sweden, aliitambua gesi ya klorini mwaka 1774. Katika miaka ya 1780 Mfaransa Berthollet akaonyesha kwamba inaondoa rangi ya kitambaa kwa muda mfupi, na kiwanda cha Javel, karibu na Paris, kikaanza kuuza maji yake. Mwaka 1799 Charles Tennant wa Glasgow alisajili poda ya klorini na chokaa, ambayo ilisafirishika kwa urahisi. Pwani yetu ilichelewa kuihitaji kazi hiyo. Kitambaa kilichotawala biashara ya Zanzibar na bara kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 kilikuwa merikani, pamba nzito iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts, na sifa yake mojawapo ni kwamba haikupaushwa. Ilibaki na rangi yake ya asili, na watu waliithamini hivyo hivyo.

Safari ya klorini kutoka kwenye nguo hadi kwenye uhai ilipita hospitalini. Mwaka 1847, mjini Vienna, Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwagusa wanawake waliokuwa wakijifungua, na vifo vikapungua sana wodini. Hatua iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 1897 poda ya klorini ilitumiwa kusafisha mfumo wa maji wa Maidstone, Uingereza, wakati wa homa ya matumbo, na mwaka 1908 Jersey City, Marekani, ikaanza kutia klorini mfululizo katika maji ya mji mzima. Uzito wa jambo hilo haukuwa katika kemia, maana kemia ilishajulikana kwa zaidi ya miaka mia. Ulikuwa katika mpangilio: mtu mmoja mwenye ujuzi, mahali pamoja, anatia kipimo kimoja kwa ajili ya maelfu, na mjane asiyejua kusoma anapata kinga sawa na daktari. Klorini ya maji ilizaliwa ikiwa kazi ya mji, na hapo ndipo nguvu yake ilipotoka.

Kipindupindu kilikuwa kimeshafika huku zamani. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, aliufuatilia mlipuko wa 1869 na 1870 na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima kuhusu milipuko ya Afrika Mashariki, akionyesha jinsi ugonjwa ulivyofuata njia za misafara na vyombo vya baharini. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa mji mchanga wa Sultani Majid. Wajerumani, kisha Waingereza, waliukuza kwa kuugawa: Uzunguni, Uhindini, halafu Kariakoo na Ilala kwa Waafrika. Huduma zilifuata mgawanyo huo, na mitaa ya Waafrika ikazoea kuteka maji kwenye bomba la jumuiya badala ya bomba la ndani. Mtambo wa Mtoni, uliojengwa upande wa Temeke karibu na mwaka 1950, ulikuwa mdogo. Ruvu Juu, kule Mlandizi, ulianza kazi mwaka 1959, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, mwaka 1976. Tazama ramani. Mitambo hii miwili mikubwa iko kaskazini na magharibi ya mji, na maji yake huingia kwa barabara za Bagamoyo na Morogoro. Temeke iko mwisho wa mstari. Klorini hupungua nguvu kadiri maji yanavyosafiri na kukaa, na mgawo unapoyafanya mabomba yakae matupu, bomba lenye ufa hufyonza maji machafu ya ardhini. Kwa hiyo hata mwenye bomba, akiwa mkiani mwa mtandao, hakuwa na hakika ya kilichomo ndani ya maji yake.

Mji ukakua. Mwaka 1967 ulikuwa na watu chini ya laki tatu. Sensa ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi waliishi mahali ambapo bomba halikufika, au lilifika bila maji. Wakaziba pengo kwa dumu la lita 20, mkokoteni, boza, kisima kifupi cha jirani, na baadaye kisima kirefu chenye simtanki juu ya mnara. Maji hayo hayakupita kwa fundi wa Ruvu. Ardhini, hatua chache kutoka kisimani, kulikuwa na shimo la choo, na mvua za masika zilipokuja wapo waliotapisha vyoo vyao mitaroni kwa kuwa gari la kunyonya lilikuwa ghali au halikuweza kupita uchochoroni. Ukiyaweka haya pamoja, mwaka 1997 haukuwa ajabu: Tanzania iliripoti wagonjwa 40,249 wa kipindupindu, na 2,231 kati yao walikufa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo shirika la PSI lilipoanza kuisambaza WaterGuard nchini, dawa ya klorini iliyopimwa kwa ajili ya chombo cha nyumbani na kuuzwa kwa bei nafuu. Hapa kuna pingamizi la kweli, na halistahili kupuuzwa. Chupa ile imeokoa watoto. Vimelea vya kipindupindu hufa haraka mbele ya klorini, na mtu aliye hai leo hawezi kuambiwa asubiri bomba la miaka kumi ijayo. Nalikubali lote. Ninachokataa ni kuifanya dharura kuwa mpango wa kudumu. Klorini ya ndoo hudai mambo mengi kwa mtu aliyechoka: ajue ujazo wa chombo chake, aongeze kipimo maji yakiwa na tope kwa sababu uchafu huila dawa, asubiri dakika 30, kisha arudie kesho na keshokutwa hata kama hakuna anayeumwa. Akikosa fedha siku moja, kinga imekatika. Aliyeamua kutumia jiki ana mtihani mkubwa zaidi, kwa kuwa imetengenezwa kwa nguo, nyingine zina manukato, na ile inayopimwa katika chupa za maji zilizotumika haina lebo wala hakika ya nguvu, maana joto na jua huidhoofisha. Chupa hiyo hiyo ya maji mtoto hudhani ni ya kunywa.

Wengine husema tatizo ni watu wenyewe: hawapendi harufu, wanaamini uvumi kwamba dawa inaharibu uzazi. Uvumi upo, lakini jirani zetu wa Msumbiji wanatufundisha kuusoma vizuri. Katika jimbo la Nampula, zaidi ya mara moja, watu waliopeleka klorini vijijini walishambuliwa kwa tuhuma kwamba wao ndio walioleta ugonjwa. Watu wa kule hawakuwa na ugomvi na kemia. Serikali ambayo haikuonekana miaka yote ilitokea ghafla ikiwa na ndoo ya dawa siku ya msiba, nao wakashuku. Mkazi wa Masaki, mtaa wa wenye uwezo, hunywa klorini kila siku bila kuhubiriwa imani yoyote. Kumtaka wa Mburahati aithibitishe imani yake kila asubuhi, kwa fedha yake, halafu kumlaumu anaposhindwa, si haki.

Agosti 2015 mlipuko mwingine ulianzia Kinondoni, ukaenea mikoa mingi, na kufikia mwaka uliofuata watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua. Rais Magufuli, akiwa madarakani kwa wiki chache, alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na kuifanya siku ya usafi, akikitaja kipindupindu. Nchi nzima ilishika fagio. Kwangu mimi, tukio lenye uzito zaidi la kipindi hicho ni lile ambalo halikupigwa picha sana: mpango wa dharura wa kuwapa vidonge vikubwa vya klorini wauza maji wenye matenki katika kata zilizoathirika za Dar es Salaam na Morogoro, ili maji yatiwe dawa kabla ya kuingia kwenye dumu la mnunuzi. Muuzaji mmoja huhudumia mtaa, kwa hiyo kipimo kilipanda ngazi moja kurudi kule kilikotoka, kwa mtu mmoja mwenye maelekezo anayewatilia wengi. Watakaosema mji umekua mno hata hauwezi kufikiwa na huduma ya aina hiyo wana jibu lao hapo, kwa maana ilifanyika katika mitaa isiyo na bomba na katikati ya ugonjwa.

Mitambo ya Ruvu imeshapanuliwa, Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, na visima virefu vya Kigamboni vimeanza kuuongezea upande wa kusini maji. Hata hivyo wauzaji wa madumu na wenye visima binafsi bado wapo Mbagala, Yombo na Manzese. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hupanga bei ya uniti ya maji ya bomba, na ndani ya bei hiyo gharama ya klorini ya mtamboni imeshahesabiwa. Anayenunua maji kwa dumu hulipa bei ya muuzaji, kisha huenda dukani kununua chupa ya dawa kwa fedha nyingine. Fedha hiyo ya pili haimo katika hesabu ya maji ya mji huu, wala muda wa mwanamke anayesimama juu ya ndoo akihesabu nusu saa.