Kuruka Bila Kuondoka Ardhini: Historia Fupi ya Urubani wa Kuiga



Mhariri ameniomba niandike juu ya jambo linaloshika jioni zangu nyingi tangu nilipostaafu, yaani kuendesha ndege ya kuiga katika kompyuta. Ndugu na marafiki ninaowakaribisha huanza na swali lile lile: "Mzee mzima na mchezo wa watoto?" Silichukii swali hilo. Lina umri mkubwa kuliko kompyuta yenyewe, na jibu lake limo katika historia.

Ndege zilipokuwa bado changa, mnamo mwaka 1910, huko Ufaransa marubani wa ndege za Antoinette walifundishwa kwa kifaa cha ajabu. Kilikuwa nusu mbili za pipa, moja juu ya nyingine. Mwanafunzi aliketi juu akishika magurudumu ya kuongozea, na wenzake walisimama kando wakilitikisa pipa huku na huku, naye akijitahidi kulinyoosha. Tangu mwanzo, basi, kazi hii ilihitaji wenzi.

Kisha akaja Mmarekani Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, katika jimbo la New York. Kijana huyo alijua jinsi mivukuto ya kinanda inavyojaa hewa na kuitoa, na kufikia mwaka 1929 alikuwa ameitumia mivukuto hiyo kuinamisha na kuinua kijindege cha mbao kilichofungwa sakafuni. Wenye shule za urubani hawakukijali. Wateja wake wengi wa mwanzo walikuwa viwanja vya michezo na starehe, ambako watu walilipa sarafu ili wapande na kucheka.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wake hawakuzoea kuruka gizani na katika ukungu kwa kutegemea saa na dira peke yake, na kadhaa wakapoteza maisha katika majuma machache. Maofisa wakapanga kukutana na Link katika uwanja wa Newark. Siku hiyo hali ya hewa ilikuwa mbaya hata wakakata tamaa kwamba atafika, lakini alitokea mawinguni akatua salama. Jeshi likanunua vifaa sita. Katika Vita Kuu ya Pili vilitengenezwa kwa maelfu, na wanahewa wengi mno walijifunza ndani yake. Kile kilichochekwa kiwanjani kikawa mlinzi wa roho za watu.

Kompyuta nazo zilipoanza kuenea, Bruce Artwick wa Chuo Kikuu cha Illinois aliandika mwaka 1975 tasnifu juu ya kuonyesha safari ya ndege kwa picha za kompyuta. Kazi yake ikazaa programu ya Apple II, na mwaka 1982 Microsoft wakatoa ya kwao kwa kompyuta za IBM. Safari ilianzia uwanja mdogo wa Meigs, ukingoni mwa ziwa huko Chicago. Uwanja wenyewe ulivunjwa kwa matingatinga mwaka 2003, lakini wapo wanaoendelea kutua hapo katika programu za zamani. Leo ipo hata programu ya bure, FlightGear, na marubani wa ndege za abiria hurudi mara kwa mara katika vyumba vya kuigia ili wapimwe.

Historia hiyo ndiyo iliyonifundisha namna ya kumkaribisha mgeni. Simhutubii, namwachia usukani. Nampa ndege ndogo, anga jeupe, na safari fupi ya Dar es Salaam hadi Unguja, kama kilomita 70 tu. Mimi huwa yule mtikisa pipa: baadaye namwongezea upepo kidogo, kisha wingu.

Mama yangu mzazi, aliyezaliwa na kukulia chini ya Kilimanjaro, hajapata kupanda ndege maishani. Nilimpitisha juu ya Kibo. Akakodoa macho, akasema, "Kumbe kichwani kuna shimo!" Miaka themanini na zaidi aliutazama mlima ule kila asubuhi kutoka chini. Aliniamuru nizunguke tena, na tena.

Mwenzetu mmoja niliyelala naye bweni moja alitamani urubani tangu kidato cha kwanza, ila macho yake hayakumruhusu. Mwaka jana alikuja kwangu na mkewe. Alitua Unguja katika jaribio la nne, akavua miwani, akakaa kimya kitambo. Shemeji ndiye aliyevunja ukimya: "Baba, sasa nirudishe Dar." Akamrudisha.

Sisemi kwamba kompyuta humpa mtu leseni. Rubani wa kweli hana budi kuruka angani na mwalimu wake. Lakini kijana akiona ndege inapoteza nguvu ya kupaa kwa sababu ameinua pua kupita kiasi, somo la fizikia linapata mwili. Akipiga hesabu ya upepo wa ubavuni ili asipotee baharini, pembetatu za ubaoni zinapata kazi.

Kwa hiyo naleta hoja katika mkutano wetu: tuchange kompyuta moja na usukani wake, viwekwe shuleni, na wazee wachache tujitolee Jumamosi. Wapo wanafunzi pale ambao, kama mama, ndege wameiona kutoka chini tu. Wanafunzi washike usukani, nasi tutatikisa pipa.